Eti "Kwangu Inafanya Kazi"!

Najua blogu imeota majani, na wengine mmeshaniandikia kuuliza kama nimerudi Bongo kimya kimya. Sijarudi. Niko hapa hapa Longbridge, kusini magharibi mwa jiji la Birmingham, mvua inanyunya kama kawaida yake, na nimetoka kwenye zamu nne za usiku mfululizo. Leo sina stori ya baridi wala ya bei ya ndizi za kupika. Leo nina hasira, na nimeona bora niimalizie hapa kuliko kuimalizia kwa wagonjwa wa watu.

Kisa chenyewe hiki. Nina mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, yuko Moshi, kijana mwenye akili kweli kweli, anaandika programu za kompyuta. Kapata kazi ya kuitengenezea zahanati moja binafsi programu ya kuandikisha wagonjwa na kufuatilia dawa wanazopewa. Akanitumia ujumbe: "Dada, wewe ni nesi na siku hizi unajifunza Python, hebu iangalie kabla sijaikabidhi." Nikafurahi! Tangu kipindi cha korona mwaka 2020 nimekuwa nikijifunza Python kidogo kidogo, mara nyingi kwenye treni kutoka stesheni ya Longbridge kwenda kazini na kurudi. Nikajiona na mimi sasa nimekuwa mtu.

Usiku wa kwanza wa mapumziko yangu programu haikuwaka. Wa pili haikuwaka. Wa tatu ikawaka, ikatema makosa skrini nzima. Nikampigia. Mnajua alinijibu nini? "Dada, mbona kwangu inafanya kazi?"

Nikalipeleka suala kwenye kundi la WhatsApp la Watanzania wanaofanya kazi za kompyuta, wa huku na wa nyumbani, ambamo kwa kawaida huwa nakaa kimya. Nikauliza kistaarabu: hivi programu ya kutolea dawa inakabidhiwaje bila vipimo? Jamani, nilinyeshewa. Mmoja: vipimo ni anasa za makampuni ya Wazungu. Mwingine: mteja analipia programu, halipii vipimo. Wa tatu, na huyu ndiye aliyenikosesha usingizi wa mchana: "Sista, wewe baki na sindano zako."

Haya. Nabaki na sindano zangu. Na kwa sindano hizo hizo nitawajibu.

MAZINGIRA NI KITOROLI CHA DHARURA

Huku kila wodi ina kitoroli cha dharura. Moyo wa mgonjwa ukisimama, nesi yeyote, hata aliyeanza kazi jana, anavuta droo na kukuta kitu kile kile mahali pale pale. Hakuna anayepiga kelele "adrenalini mliiweka wapi?" Kuna orodha, orodha inakaguliwa, mtu anasaini, kitoroli kinafungwa kwa lakiri. Nesi aliyekipanga anaweza kuwa amelala kwake, na bado kitafanya kazi.

Programu ya mdogo wangu haikuwa na orodha. Toleo la Python alilotumia lilikuwa kichwani mwake. Maktaba alizopakua zilichanganyika na za miradi yake mingine mitano. Neno la siri la kanzidata liliandikwa ndani ya msimbo, wazi, kama mtu aliyebandika PIN ya M-Pesa kwenye mlango wa duka. Faili la orodha ya dawa linaitwa Dawa.csv lakini msimbo unaita dawa.csv, Windows yake haijali herufi kubwa na ndogo, Linux yangu inajali, na seva nyingi ni Linux. Kwake anatumia SQLite, ambayo kwa kawaida inakubali hata neno kwenye safu ya namba. Kwenye seva anategemea kuweka PostgreSQL, ambayo italikataa neno hilo hilo siku ya kwanza ya kazi.

Na saa! Programu ilikuwa inasoma saa ya kompyuta yoyote inakokaa. Moshi iko saa tatu mbele ya Birmingham wakati wa baridi na saa mbili wakati wa kiangazi, maana huku saa husogezwa mara mbili kwa mwaka na kwetu hazisogezwi. Kwenye kompyuta yangu dozi ya saa kumi na mbili jioni ilionekana ya saa tisa alasiri. Mtasema zahanati haiko Birmingham. Sawa, na seva aliyoikodi iko wapi? Ujerumani. Haya.

Dawa ya yote haya inajulikana na haiuzwi. Tengeneza mazingira ya peke yake kwa kila mradi, amri ni python -m venv .venv, sekunde chache tu. Andika maktaba unazotumia pamoja na matoleo yake kamili kwenye requirements.txt. Siri zikae kwenye faili la .env lisiloingia Git, na kando yake uweke .env.example lenye majina matupu ili mwenzako ajue kinachotakiwa. Jaribu kwa kanzidata ya aina ile ile utakayoitumia kazini. Hifadhi saa zote kwa UTC, uzigeuze kuwa za Afrika Mashariki pale tu zinapoonyeshwa kwa mtu. Kisha andika README yenye amri chache, umpe mtu ambaye hajawahi kuiona programu yako. Asipoiwasha ndani ya robo saa bila kukupigia simu, kazi yako haijaisha.

Kwa hiyo anayesema "kwangu inafanya kazi" hajanijibu kitu. Amekiri tu kwamba hajui kwa nini inafanya kazi.

MASHINE YA SUKARI NAYO INAPIMWA

Mnaojua wodi mnajua kwamba mashine ya kupima sukari nayo hupimwa. Tunaidondoshea kimiminika ambacho kiwango chake cha sukari kinajulikana, kimoja cha chini na kingine cha juu. Isipotoa jibu linaloangukia ndani ya kiwango kilichoandikwa kwenye chupa, mashine hiyo haimgusi mgonjwa. Kipimo cha programu ni hicho hicho, hakuna uchawi. Unaiuliza programu swali ambalo jibu lake unalo tayari.

Mdogo wangu alikuwa na sehemu ya kukokotoa paracetamol ya watoto, miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito. Jioni moja nikaiandikia vipimo kwa pytest. Mtoto wa kilo 12, tunategemea 180. Ikapita, dogo akashangilia. Nikamwambia tulia, huyo ni mtoto wa kwenye kitabu. Mtoto wa kilo 0? Ikatoa 0 na kuandika kuwa dawa imetolewa. Wa kilo -12? Ikatoa -180, bila aibu. Wa kilo 120, yaani nesi aliyechoka saa kumi alfajiri amesahau nukta kwenye 12.0? Ikatoa miligramu 1,800. Elfu moja na mia nane! Mtu mzima mwenyewe kwa mara moja hapewi zaidi ya gramu moja.

Halafu nikajaribu kitu ambacho hakuna Mzungu angekifikiria: saa ya Kiswahili. Nesi wa kwetu akiulizwa dozi imetolewa saa ngapi ataandika saa 2, kwa sababu kweli ni saa mbili asubuhi. Programu ikaelewa saa nane usiku. Tofauti ni saa sita, na mdogo wangu alikuwa ameweka dozi zipishane saa sita! Kwa hiyo mtoto aliyepewa dawa sasa hivi, kwenye skrini anaonekana ameshamaliza muda wake, apewe nyingine. Nyie mnaosema vipimo ni mambo ya Wazungu, hiki mlitaka mumwachie nani akipime?

Mambo manne niliyojifunza, yachukueni bure.

Moja, pima kwenye mipaka: sifuri, hasi, tupu, kubwa mno, desimali yenye mkato badala ya nukta. Makosa hayaishi katikati, yanaishi pembeni kama mende.

Mbili, usiache programu iangalie saa yenyewe. Ipe saa kama kitu cha kuingiza, ili kwenye kipimo uweze kuiambia "leo ni usiku wa mwisho wa mwezi wa pili" na uone inafanya nini.

Tatu, kila kasoro ikitokea, andika kwanza kipimo kinachoionyesha, kisha ndio urekebishe. Hapo kasoro ikirudi, itapiga kelele yenyewe.

Nne, usikiamini kipimo ambacho hujawahi kukiona kikiwa chekundu. Hapa naungama. Kipimo changu kimoja kilikuwa kijani tangu mara ya kwanza, nikaenda kulala nikiwa najisifu. Kesho yake nikaharibu hesabu kwa makusudi, bado kijani! Nilikuwa nimesahau kuandika assert. Kilikuwa kinaniambia "sawa mama, sawa mama" kama mgonjwa asiyesikia.

MAJIBU YANAYORUDI UKIWA KITANDA KINGINE

Sasa tuguse kidonda chenyewe, zile kazi zisizosubiriana, za async na await. Vijana wanazipenda kwa sababu programu inakuwa nyepesi. Mimi sizichukii. Nesi anazielewa kuliko mtu yeyote: ukipeleka damu maabara husimami mlangoni kungoja majibu, unaendelea na mgonjwa mwingine. Hatari ni pale majibu yanaporudi wakati daktari ameshabadilisha dawa, au yanapoingia kwenye faili la jirani.

Hili si la kufikirika. Kati ya Juni 1985 na Januari 1987 mashine ya mionzi ya saratani iitwayo Therac-25, ya kampuni ya AECL ya Kanada, iliwapa wagonjwa sita huko Marekani na Kanada mionzi iliyopita kiasi vibaya mno, na wengine walikufa kwa majeraha yake. Huko Tyler, Texas, mwaka 1986, mwendeshaji aliandika herufi ya aina moja ya mionzi, akaona amekosea, akarudi akairekebisha haraka. Sumaku za mashine zilihitaji kama sekunde 8 kujipanga. Ukirekebisha ndani ya hizo sekunde, skrini ilionyesha marekebisho yako, lakini sehemu nyingine ya programu ilikuwa imeshaondoka na agizo la zamani. Mashine ikaandika "Malfunction 54", basi, fumbo hilo. Mashine iliyotangulia, Therac-20, ilikuwa na kasoro ile ile, ila ilikuwa na vizuizi vya umeme vilivyoizuia isiue mtu. Kwenye 25 waliviondoa, wakaiachia programu kazi hiyo.

Na nani aliyeweza kulirudia kosa hilo mpaka likaeleweka? Mwanafizikia wa hospitali, Fritz Hager, pamoja na mwendeshaji mwenyewe, mtu wa kubonyeza vitufe, ambaye vidole vyake vilikuwa na kasi ya kazi ya kila siku. Kwa hiyo, ndugu yangu wa "baki na sindano zako", wenye sindano ndio wanaojua jinsi programu yako inavyoguswa saa kumi alfajiri.

Mnataka la karibu zaidi? Hapa hapa Ukerewe, programu ya Horizon ya shirika la Posta. Kati ya mwaka 1999 na 2015 watu zaidi ya 900 waliokuwa wakiendesha matawi ya posta walitiwa hatiani kwa wizi, udanganyifu na mahesabu ya uongo, kwa sababu kompyuta ilisema pesa zimepungua. Wengine walifungwa, wengine walifilisika, wengine walikufa kabla ya kusafishwa majina. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilikubali kwamba programu ilikuwa na kasoro, na mwaka 2024 Bunge likatunga sheria ya kufuta hukumu zile kwa mkupuo. Kasoro moja iliitwa Dalmellington, kwa jina la mji wa Scotland. Mwaka 2015 mhudumu alikuwa anaingiza pauni 8,000, skrini ikaganda, akabonyeza tena na tena. Kila alipobonyeza, kimya kimya, pesa ziliandikwa upya. Akajikuta anadaiwa pauni 24,000 ambazo hazikuwahi kuwepo.

Sasa mdogo wangu, soma hapa vizuri. Nilitengeneza seva ya bandia inayojibu baada ya sekunde tano, kama intaneti ya zahanati siku ya mvua. Nikabonyeza "Hifadhi". Kimya. Nikabonyeza tena, na tena, kama nesi yeyote angefanya. Dozi tatu zikaandikwa. Nesi wa zamu inayofuata ataona mtoto ameshapewa dozi tatu, atamnyima dawa mtoto mwenye homa ya nyuzi 40, na kwenye kitabu nesi wa zamu ya kwanza ndiye atakayeonekana mzembe. Kompyuta haiitwi kwenye kikao cha nidhamu. Anaitwa nesi.

Nikakuta na lingine la kutisha zaidi. Alikuwa ameweka utaratibu mzuri kwamba dawa kali zithibitishwe na nesi wa pili. Msimbo ukauliza: if imethibitishwa(dozi). Tatizo, imethibitishwa ni ya async na amesahau kuandika await mbele yake. Bila await, Python haikupi jibu la ndiyo wala hapana, inakupa ahadi ya jibu, na ahadi hiyo kwenye if inahesabiwa kuwa kweli siku zote. Kwa hiyo kila mofini ilikuwa inathibitishwa na nesi asiyekuwepo. Onyo lilitoka kwenye skrini, maana Python hulalamika kwamba kazi hiyo haikuwahi kungojewa. Ila yeye maonyo alishayazoea.

Tiba ni hizi. Fomu ikifunguliwa ipewe namba yake ya pekee, kama namba ya muamala wa M-Pesa, na kanzidata ikatae namba hiyo hiyo mara ya pili. Hapo hata ukibonyeza mara kumi dozi ni moja. Kila ombi la mtandao liwe na kikomo cha kusubiri, na likishindikana limwambie nesi wazi kwamba haijahifadhiwa, sio kumeza kosa kwa except: pass. Kwenye vipimo usiweke sleep ya sekunde mbili ukiomba Mungu zitoshe. Tengeneza seva ya bandia unayoitawala, ichelewe, ikate, ijibu kwa mpangilio uliopinduka, uone kinachotokea. Na mjue kwamba pytest peke yake haiendeshi vipimo vya async, inahitaji nyongeza kama pytest-asyncio. Matoleo ya zamani yaliviruka tu na kutoa onyo, ukadhani umepima kumbe hujapima.

NANI ALIPE?

Nirudi kwa wale ndugu. Kwamba vipimo ni mambo ya Wazungu: Horizon ilikuwa ya huku huku kwa Wazungu, wenye pesa na mawakili, na mmeona. Upande mwingine, OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa inayotumika nchi nyingi, ilianza kufanya kazi Eldoret, Kenya, mwaka 2006 kwenye mpango wa AMPATH wa kutibu UKIMWI. Msimbo wake uko wazi na vipimo vyake viko wazi, yeyote anaweza kuvisoma leo bila viza. Kwa hiyo rangi haina neno hapa.

Kwamba mteja halipii vipimo. Hili ndilo zito, na mdogo wangu alinieleza kwa sauti ya chini: "Dada, kazi ya miezi mitatu wamenipa laki nne." Laki nne! Hapo nilinyamaza kidogo. Siwezi kukaa huku napokea mshahara wa pauni nikamhubiria kijana wa laki nne kama vile ni mvivu. Lakini mtaa ninaokaa umejengwa na kiwanda cha magari. Herbert Austin alikianzisha mwaka 1905, Mini ya kwanza ilizinduliwa mwaka 1959, na MG Rover ilipoanguka Aprili 2005 watu wapatao 6,000 walipoteza kazi. Jirani yangu, mzee wa makamo ya baba yangu, alikuwa mkaguzi pale. Nilimuuliza kama mnunuzi wa gari alilipia ukaguzi kando. Alinicheka. Breki zikijaribiwa, gharama yake iko ndani ya bei ya gari. Hakuna anayeuziwa gari kisha akaulizwa, na breki zilizojaribiwa je, utaongeza?

Kwa hiyo mdogo wangu usiandike "vipimo" kama mstari wa peke yake kwenye bei, mteja aufute. Weka ndani. Na ikiwa bei haitoshi, punguza kurasa, usipunguze breki. Nyie wenye zahanati nanyi, msijifiche. Mnanunua kitanda cha mamilioni, halafu kitu kitakachoamua dozi ya mtoto mnampa kijana kwa laki nne na kumwambia Ijumaa iwe tayari. Siku ikiharibika mtamkana.

Hali ilivyo leo: vipimo vimefika 41, viwili bado vyekundu, programu haijakabidhiwa, mwenye zahanati amenuna. Dogo naye alininunia wiki nzima. Juzi akanitumia ujumbe mmoja tu, kwamba rafiki yake wa Arusha ameiwasha kwa README peke yake, dakika 11.

Maoni yako wazi, wadau. Matusi nitafuta, hoja nitaziacha hata kama zinaniuma. Mimi naenda kulala, leo usiku naingia tena.

Nawasilisha.